Mama Shubiri Jikoni Kwetu

Redio ikitafutiwa stesheni hutoa mkwaruzo fulani, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, halafu sauti ya mtu huchomoza katikati. Nikiusikia mkwaruzo huo, hata leo nikiwa mama mwenye nyumba yangu, huacha nilichoshika. Hunirudisha jikoni kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye harufu ya mawese na sombe, mboga ya majani ya mihogo, siku ambayo nyumba nzima tulikuwa tukiomba jambo moja tu: mama asifungue mdomo.

Mama yangu alikuwa maarufu, msomaji wangu, ila umaarufu wake ulikuwa wa namna yake. Aliigiza kwenye mchezo wa redio uliorekodiwa katikati ya juma na kurushwa kila Jumamosi mchana, na alipewa nafasi ya Mama Shubiri, mama mkwe mwenye roho mbaya kuliko wote waliowahi kutungwa. Mama Shubiri alimfungia mkazamwana wake Rehema stoo ya chakula, alimtilia chumvi kwenye mchuzi wageni wakija, alimwita tasa mbele ya majirani. Sauti ya mama ilikuwa nzito, imepasuka kidogo mwishoni, na ukiisikia mara moja huisahau. Toka kwetu mpaka Kabonga, pwani nzima, watu walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, huku wakimsikiliza na kumlaani.

Uso wake hawakuujua, sauti ndiyo waliyoijua, basi mama akajifunza kuishi bila sauti. Sokoni alionyesha kwa kidole. Akijisahau akasema neno, muuza nyanya aliinua kichwa na kupaza: "We! Iko Mama Shubiri huyu! Enda kwanza uombe Rehema pardon, njo nikuuzishe." Watu walicheka, lakini nyanya kweli hakupewa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na wateja walimuuliza kila asubuhi kama amelishwa au amefungiwa stoo. Alicheka nao, lakini kicheko hicho hakukileta nyumbani. Nyumbani alitaka kimya, na mama alimpa. Sikumbuki hata siku moja aliyotugombeza kwa sauti ya juu, hata tulipostahili.

Kisha kaka yangu Hamisi, aliyekuwa akitengeneza mashine za boti bandarini, akampenda Zawadi wa kijiji cha Kizuka, binti wa wakamuaji wa mawese. Ukoo wa Zawadi ulikuwa na desturi yake. Kabla posa haijakubaliwa, shangazi wa binti huja kwa wakwe watarajiwa, akakaa jikoni kwa mama mkwe toka asubuhi hadi chakula kiliwe, aone mtoto wao atapikia wapi na pamoja na nani. Barazani watu hudanganyana, walisema, jikoni ni vigumu.

Hamisi alitwambia ukweli ambao ulimtoa jasho. Nyumbani kwa Zawadi hawakosi mchezo wa redio. Shangazi mtu, Mwamini, alikuwa ameapa kwamba akikutana na Mama Shubiri atampiga kandambili. Na siku aliyochagua kuja ni Jumamosi.

Baba ndiye aliyepata shauri. Tutasema koo limekauka. Bibi yetu alikuwa akituimbia kila siku kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo wote tulijifanya hatujawahi kumsikia. Mama alifungwa kitenge shingoni, mimi nikapewa kazi ya kuwa mdomo wake.

Shangazi Mwamini alifika mapema. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kucheka mpaka mabega yanatikisika, na hilo lilinitia hofu zaidi, maana nilimpenda palepale.

"Amahoro, Mama Hamisi! Wanasema koo inauma?"

Mama alitikisa kichwa. Mimi nikasema, "Mama anasema karibu sana, ujisikie nyumbani."

"Murakoze, asanteni. Usijali, mimi nitasema ya wawili."

Na kweli alisema ya wawili. Alikagua mafiga, akanusa mawese yetu na kuyasamehe kwa kuwa hayakuwa ya Kizuka, akaonja sombe kwenye kiganja. Mama alitwanga, akapepeta, akageuza chungu, yote kwa upole wake, na shangazi akamfuata kwa macho kama mnunuzi anayeipenda bidhaa. Hamisi alipita mlangoni mara kwa mara akijifanya anatafuta spana.

Ilipokaribia saa ya mchezo, shangazi alijifuta mikono.

"Bon, saa imefika. Redio iko wapi? Mimi teyatri siikosake hata kama iko kilio."

"Haina mapile, betri zimekufa," alisema Hamisi kutoka mlangoni, upesi mno.

"Si kitu." Akatia mkono kwenye kapu lake, chini ya ndizi alizotuletea, akatoa redio ndogo ya kwake, akaiweka juu ya gunia la mkaa.

Ule mkwaruzo. Kisha wimbo wa kufungua mchezo. Kisha mama yangu, mzima mzima, akafoka kutoka juu ya gunia la mkaa: "Rehema! Nani alikuruhusu kukaa?" Na mama yangu mwingine, mwenye kitenge shingoni, aliinama na kuongeza maji kwenye sombe ambayo haikuhitaji maji.

"Muone ule shetani!" alisema shangazi, akipiga paja. "Mama Hamisi, unasikia? Mutu kama ule anazaa kweli?"

Mama alitikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho shangazi hakupaswa kukiona. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kila neno lililotoka redioni, midomo ya mama ilikuwa imeshalitamka, bila sauti, na macho yake yalikuwa yamewaka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona nyumbani. Nilijisogeza nikakaa kati yao, nikaanza kuchambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa.

Mchezo uliisha. Redio ikazimwa, tukala, na shangazi akarudia sahani. Baba aliitwa, Hamisi akaitwa, wote tukakaa palepale jikoni. Nilianza kupumua.

"Mama Hamisi," alisema shangazi, "wewe iko mutu wa kimya. Mutoto wetu atapata amani hapa. Sasa inabaki kitu kimoja tu. Umupokee na kinywa chako. Sema: mutoto wenu nimemupokea."

Hili hatukuambiwa. Baba alikohoa. "Shangazi, si unaona koo lake? Atatikisa kichwa."

"Kichwa hata mbuzi anatikisa. Aseme polepole tu, hata kwa kunong'ona. Bila kinywa, sisi hatuna mukwe."

Hamisi alimtazama mama kama mtoto mdogo. Mama alifungua kitenge shingoni taratibu, akakikunja, akakiweka magotini.

"Mtoto wenu nimempokea," alisema. Hakunong'ona.

Shangazi Mwamini aligeuka kutazama redio. "Si mumeizima?" aliuliza. Akaitazama redio, akamtazama mama, na uso ule wa kucheka ukafungika. Nilitazama kandambili zake.

Baba alieleza kwa haraka. Ni teyatri tu, maneno yanaandikwa na mtu mwingine, mkewe hajawahi kumpandishia mtu sauti. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Hamisi, mutu hatoe mu kinywa kitu chenye hana mu tumbo," alisema. "Mimi sitapelekea Mama Shubiri mutoto wetu. Alors, achague. Redio, ao bibi wa kuolewa na mutoto wake."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alifungua mdomo kujibu, na nakumbuka nilitaka sana kusikia atasema nini.

"Ataacha," alisema baba. Hamisi akatazama sakafu.

Mama akafunga mdomo. Akaanza kukusanya sahani.

Pale redioni walitafuta mtu wa kuiga sauti ile, hawakumpata, wakaamua Mama Shubiri afe. Alizama ziwani na kikapu cha chakula alichomnyima Rehema. Jumamosi hiyo mtaa wetu ulipiga vigelegele, watu wakagonga masufuria, na Kizuka, tulisikia, walikula pilau. Mama alikuwa akimenya mihogo. Baba alimtania, "Umezikwa vizuri." Mama alitabasamu na kuendelea kumenya, nami nikafurahi kwamba sasa tutanunua nyanya bila matata.

Hamisi alioa, na ndoa ilikuwa njema. Miaka mingi baadaye, tukipika pamoja siku ya Idi, Zawadi aliniambia kwamba alimjua Mama Shubiri ni nani kabla ya posa. Alikuja Rumonge na madumu ya mawese, akamsikia mama akiuliza bei. "Nilifurahi karibu kufa," alisema. "Nilitaka nikiolewa anifundishe kusema vile. Lakini hakuna mutu aliniuliza."

Niliweka kisu chini. Hasira niliyoisikia sikujua niielekeze kwa nani, kwa shangazi aliyeogopa, kwa baba aliyejibu, au kwa Hamisi aliyetazama sakafu. Nilimkumbuka mama sokoni, kidole kimenyooka. Nilimkumbuka nyumbani, akitembea juu ya kimya cha baba kama mtu apitaye karibu na mtoto aliyelala. Na nikaikumbuka midomo ile, na macho yale. Chumba kimoja tu duniani, kile cha kurekodia redioni, kiliwahi kumruhusu kufoka, mara moja kwa juma, na pwani nzima ikanyamaza kumsikiliza. Sisi wanawe tulidhani alikwenda kule kuigiza, kisha akarudi nyumbani kuwa yeye mwenyewe. Siku hizi nadhani ilikuwa kinyume chake.