Chumvi ya Mageni

Kijijini Isaka, wakati wa kiangazi, mtu huamka alfajiri akakuta ndoo za wenzake zimeshajipanga kisimani. Hapo hapo Isaka palikuwa na nyumba moja iliyofuga samaki wa baharini sebuleni. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, kisha wakazoea, maana binadamu huzoea kila kitu.

Nyumba ilikuwa ya mzee Masele, aliyestaafu gengi la vibarua wa njia ya reli, na mkewe Paskalina. Samaki aliletwa na mtoto wao wa pekee, Marcel, kibarua wa bandarini Dar es Salaam. Alikuja likizo mwaka wa sabini na saba na tangi la kioo lililoviringishwa magunia, madumu ya maji ya bahari, na ndoo yenye kisamaki kisichozidi kidole gumba, rangi ya chungwa, na mistari myeupe ubavuni. Wakamwita Mageni, jina la Kisukuma, kwa kuwa alikuja mgeni. Umeme hawakuwa nao, basi asubuhi na jioni Masele alichukua pampu ya baiskeli akapulizia maji hewa, jasho likimtoka. Paskalina alimsagia dagaa wa Mwanza na kumdondoshea punje kwa punje. Kila alipopata mtu wa kumtuma, Marcel alimpa dumu la maji ya bahari apande nalo treni.

Vikaja vita vya Kagera. Marcel akachukuliwa, na treni iliyowapeleka wanajeshi kaskazini ikasimama Isaka kidogo tu, wala hawakuruhusiwa kushuka. Alitoa kichwa dirishani, wazazi wake wakiwa wamesimama stesheni.

"Shikamoo baba! Shikamoo mama! Nitunzieni Mageni mpaka nirudi."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu," Paskalina alijibu, akikimbia na behewa.

"Mama, usisahau, maji yake ni ya chumvi! Ukimpa ya kisima utamuua!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa mwanawe, na aliyashika kama amri ya Mungu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta tena maji ya bahari. Bati lilipowaka jua na maji ya tangi kushuka, Paskalina alidhani Mageni ameyanywa. Akachota kisimani, akakoroga chumvi, akajaza. Chumvi yenyewe madukani ilikuwa imeadimika, ikifika watu wanapigana vikumbo. Kwa hiyo mlenda wa nyumba ile ukaanza kupikwa bila chumvi, na Masele hakuuliza kwa nini.

Vita vilipoisha, mwenyekiti wa kijiji alikuja na askari mmoja. Marcel alikuwa ameuawa ng'ambo ya mpaka, na amezikwa huko huko.

Masele alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu ameniachia kiumbe nimtunzie mpaka arudi. Kiumbe huyo mzima. Mnataka nimlilie nani?"

Mwenye mji asipotangaza msiba, hakuna msiba. Paskalina hakulala chini, hakunyoa nywele, hakupeleka jina la mtoto kwa padri asomewe misa. Akitaka kulia, mumewe alimwonyesha tangi. "Unamlilia mtu aliye hai? Utamletea mkosi, Mama Marcel." Kilio kikamkaa kifuani miezi na miezi. Mwanamke alidhoofu, akawa anapishana na watu njiani bila kuwaamkia.

Siku moja, peke yake sebuleni, uvumilivu ulimwishia. Alimwinamia yule samaki akamwambia, "Kufa basi! Kufa, nimlilie mwanangu."

Haikupita wiki, Mageni akakataa dagaa. Mapezi aliyabana mwilini, ngozi ikafunikwa na utando kama wa jicho bovu, akawa anahema juu juu karibu na uso wa maji. Paskalina alishikwa na hofu. Alijua ni ulimi wake. Sasa hakutaka tena afe, alitaka apone hata kama yeye hatalia mpaka siku ya kuingia kaburini.

Akafanya alichokiona kwa baba yake tangu utotoni. Ng'ombe akinyong'onyea, akikataa majani, baba alimlambisha chumvi, na ng'ombe akasimama. Paskalina alikwenda kwa jirani, akampa jogoo, akapata bakuli la chumvi. Akaimimina yote ndani ya tangi.

"Pona, ng'wana wane," alimbembeleza. "Nilikosea kusema."

Kesho yake Mageni alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

Masele alimkuta hivyo alipokuja na pampu ya baiskeli. Halafu akaiegemeza ukutani taratibu, akatoka nje, akakusanya kuni na kuwasha moto wa msiba katikati ya uwanja.

"Mama Marcel," alisema, "waite watu."

Watu walijaa. Paskalina akalala chini na wanawake wenzake, lakini ajabu, chozi halikutoka, na minong'ono ikaanza. Ndipo akafika Damian, aliyefanya kazi na Marcel bandarini. Baada ya kutoa pole alilisogelea lile tangi, akakwangua kwa ukucha ukoko mweupe ulioganda kwenye kioo.

"Mama, maji yakipungua mlikuwa mnaongeza nini?"

"Ya kisima, na chumvi. Marcel aliniagiza maji yake ni ya chumvi."

Damian naye hakuwa na breki ya mdomo. "Jua hukausha maji tu, mama. Chumvi hubaki humo humo. Ungemjazia ya kisima matupu, basi, angekuwepo mpaka leo."

Wanawake walikuwa wameleta chakula, wakamlazimisha Paskalina ale japo tonge moja. Alimega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa majirani, akatia mdomoni. Ulikuwa umekolea chumvi. Hakuwa ameionja chumvi tangu Marcel aondoke.

Hapo ndipo alipopiga yowe lililowafanya waliozunguka moto wa nje wainuke. Alilia akigaagaa, na wanawake wakamshika wakiambiana, afadhali, leo mama amemlilia mwanawe.

Masele alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alisikia kwamba majina aliyokuwa akiyaita mkewe ni mawili, la Marcel na la Mageni, akaingia, akaketi chini karibu naye.