Chesnati ya Madamu na Maji ya Kiyoyozi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Athumani, dereva kutoka Tanga, aliegemea geti la jumba tulilofanyia kazi Umm Salal, karibu na Doha kule Qatar, akanicheka mpaka akakohoa.

“Mti wa baridi huo, bwana mkubwa! Hapa hata mijusi inatafuta kivuli. Huwezi!”

Madamu, mwenye jumba lile, alikuwa ameleta kutoka Ulaya mche wa chesnati ya farasi, mti wa mashada ya maua yanayosimama kama mishumaa. Aliniambia ukifa, mkataba wangu haufanywi upya. Lakini nilikuwa na stashahada ya bustani, hiyo hiyo mnayoiona sebuleni, na sikwenda Doha kufagia majani tu.

Bustani ile ilikuwa na maji ya kisima, yenye chumvi, na mti ule hautaki chumvi. Nikatega ndoo chini ya viyoyozi, nikakinga matone yake yasiyo na chumvi. Nikautandia neti ya kivuli. Mti ukashika! Watunza bustani wa jirani wakaja kuutazama, nami nikawaeleza kwa kirefu, maana kueleza najua.

Kisha familia ikasafiri kukimbia joto la Julai. Athumani akazima viyoyozi vyote kama alivyoagizwa, akafunga nyumba. Ndoo zikakauka. Baada ya siku chache kingo za majani zikageuka kahawia. Kila mara nilikwenda kuyagusa, kama mtu anayeuguza.

“Nampigia Madamu,” nikasema.

“Umwambie nini? Nyumba tupu ipozwe kwa ajili ya mti? Atakukatia tiketi ya kurudi kwenu leo leo, kaka.”

Nilikosea namba mara mbili. Alipopokea, nikamwambia yote: majani yanaungua, maji yasiyo na chumvi yamekwisha. Nikasikia watoto wakicheka huko aliko.

“Washeni kiyoyozi cha majlisi, pale chumba cha wageni,” akasema. “Kimoja tu. Na kila siku unipe habari.”

Baridi ilipopungua mwaka uliofuata, mti ulitoa shada moja, jeupe lenye madoa mekundu. Madamu akaweka kiti mbele yake akanywa chai. Mkataba ukafanywa upya, na nyumba hii tunayokaa ndiyo matunda yake.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha mtu ukaona kinaanza kukushinda, sema kingali kibichi. Usilinde jina lako huku kinakauka mkononi. Mimi fundi hodari, na bado niliomba msaada. Mungu akujalie mikono isiyochoka, na akupe ujasiri wa kusema mapema. Amina.