Nafasi ya Ada kwenye Fomu ya Farasi Dume

Kosa langu la kwanza kazini Garissa lilikuwa kuamini kwamba karatasi yenye nafasi wazi ni karatasi mbovu. Nalitaja mapema kwa sababu mtu aliyelipia kosa hilo amefariki. Dereva wa lori aliyetoka Liboi juzi ndiye aliyeniambia: yule dalali wa mifugo mwenye jino la dhahabu amekufa kwa homa, akazikwa alasiri ile ile. Niliuliza kama aliugua muda mrefu. Dereva akasema siku nne, kisha akauliza kama nina kiberiti.

Wasomaji wanaonijua kwa kunung'unikia mikato na nukta hawatashangaa kusikia kwamba ujuzi wangu wote wa farasi niliutoa kitabuni. Nilikuwa karani mpya wa ofisi ya mifugo, sijasomea mifugo wala ukarani. Nilikuta kabatini kitabu kilicholiwa na mchwa, nikakisoma mpaka nikakihifadhi. Ofisi ilikuwa na farasi majike wawili, na mkubwa wangu alitaka wazae. Vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga vilikuwa vimepamba moto. Watu walikuwa wamehamishiwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na mnyama asiye na kibali cha ofisi hakuruhusiwa kutoka kwenda malishoni. Farasi dume alikuwa mmoja tu, wa dalali huyu. Akikubaliwa kwa majike yetu angehesabiwa kuwa mnyama wa kazi, naye angepata kibali. Nilitumwa kumkagua.

Nilifika na utepe wa kupimia, kalamu mbili na fomu. Sikukaa, sikusalimia ipasavyo. Nilianza kupima miguu. Dalali aliwaambia wenzake kwa Kisomali jambo lililowachekesha sana. Nilipopanda, nilishika hatamu fupi kama kitabu kilivyoagiza, na farasi akagoma, masikio yamelala nyuma. Nikavuta zaidi. Akazunguka papo hapo kama ngamia wa kinu cha mafuta.

“Karani, wallahi hii farasi hajaenda shule,” alisema dalali. “Wewe nasoma, yeye nangoja. Wacha mdomo yake.”

Nikalegeza mikono, na farasi akaenda. Alitembea, akachapuka, akakimbia hadi langoni, ambako askari aliinua mkono, naye akasimama kabla sijafikiria kumsimamisha. Sijawahi kukalia mnyama aliyetulia namna ile. Nilirudi nimejaa furaha, nikajaza fomu nzima nimeiegemeza kwenye tandiko, mpaka nikafika penye ada ya kupandisha.

Huyu alikuwa mtu anayechukua ujira kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na sokoni walisema angeweza angeuchukua hata kwa mbuzi. Nilipomuuliza ada yake, akanijibu kwamba dini imekataza kuuza mbegu ya dume. Farasi apande, aende zake. Nikamweleza kwamba nafasi lazima ijazwe. Nikapendekeza tuweke shilingi moja, ambayo hataipokea.

“Adeer,” alisema, neno la baba mdogo ambalo Wasomali humwitia pia mtoto wa ndugu, “unataka niandike haramu, halafu niseme sikula? Mimi ni dalali, lakini hiyo hapana. Andika hakuna.”

Sikuandika hakuna. Niliogopa makao makuu wangeona ni uzembe wangu, na nilikuwa nimejiapia kwamba fomu yangu haitarudishwa hata moja. Nikaandika barua ya kuomba mwongozo, nikairudia mara nne kwa ajili ya sentensi moja. Barua zilisafiri na msafara wa malori yenye ulinzi, na msafara uliondoka ulipoondoka. Jibu lilichukua wiki saba, na bila fomu kamili hakukuwa na kibali. Majani ndani ya seng'enge yaliisha wiki ya pili. Dalali alimnywesha farasi maziwa ya ngamia, na ngamia nao wakakauka. Kila Ijumaa alipita ofisini kuulizia barua, akanitania namna nilivyopanda, akaondoka. Ijumaa ya sita hakutania.

Makao makuu walijibu kwa mstari mmoja: andika hakuna. Nilikimbia na fomu mkononi, nikakuta mbuzi wamefungwa mahali pa farasi. Farasi alikuwa amekufa siku tatu kabla. Dalali hakujua kusoma, akaniomba nimsomee karatasi yote, na nikaisoma hadi sahihi.

“Imeandikwa vizuri, karani,” alisema. Mpaka leo sijui kama alinikejeli.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sikudhani methali ile ingeweza kumhusu farasi. Nimesikia wengi wakieleza vita hivi kwa bunduki na mabomu ya barabarani. Mimi navijua zaidi kutoka mezani kwangu. Mtu mwoga akipewa muhuri, woga wake huwa sheria kwa wanaosubiri mlangoni, naye huuita uangalifu. Dalali, ambaye sokoni tulimwita mlafi, alikuwa na jambo moja ambalo hakuliuza hata lilipomgharimu farasi. Mimi niliyejiona safi sikuwa nalo.

Sasa mtu akileta fomu, naijaza mbele yake, naweka sahihi, naye anaondoka nayo. Nafasi isiyo na jibu naiacha wazi. Nimekwisha kupewa onyo mara mbili kwa maandishi.