Kidole Nilichomwazima Marisol

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wewe ukiwa bado tumboni mwangu, mlango wetu wa Thornton Heath, hapa London, ulibishwa kabla sijafunga hata kanga vizuri. Wanijua, mimi ni mtu wa ndani. Kochi limeshachukua umbo langu, na anayetaka kuniona sharti anifuate. Alikuwa Marisol, Mkolombia niliyejuana naye kliniki, kwenye benchi la wajawazito wenye kisukari. Wengi wetu benchini tulikuwa weusi, waliobaki ni wa kwao Marisol. Ungedhani sukari ilitualika kwa majina.

Mkononi alishika kile kipimo tulichopewa sote: unajitoboa kidole nyumbani, chenyewe kinahifadhi tarakimu, daktari anazisoma siku ya kliniki.

"Dada," akasema, maana neno hilo nilimfundisha mimi, "niazime kidole."

"Chako kimeenda wapi?"

"Changu kina umbea. Kitanisema."

Nilicheka hadi nikashika tumbo. Damu yangu mimi ilikuwa imetulia. Nilishaanza sindano za insulini, na mtu asiyetoka nyumbani hana wa kumkaribisha mandazi. Yeye alisafisha maofisi tangu alfajiri, akala mkate ndani ya basi. Aliogopa tarakimu zikipanda ataandikiwa sindano, au alazwe, bosi ampe zamu mtu mwingine.

"Na hiyo dawa ya kukaa baridini nitaiweka wapi? Friji yetu ni ya watu saba. Hata maziwa yangu wananinywea."

Nikamwambia kwetu husema kidole kimoja hakivunji chawa, nikamnyooshea changu. Nilijiona mwenye utu kweli! Tukanywa chai, yangu bila sukari, yake tamu ya kugandisha kijiko, na sikusema neno. Ikawa desturi. Anatoka kazini, anapitia kwangu, natobolewa, tunacheka. Daktari akamsifu, akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Akaendelea hivyo hivyo.

Mtoto wake aliacha kucheza tumboni wiki chache kabla ya siku zake. Nilipofika hospitali Marisol hakunilaumu. Aliuchukua mkono wangu, akakitazama kile kidole, kisha akaurudisha mapajani mwangu taratibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Hakuja tena kwangu. Na mimi, bingwa wa kochi, sikumfuata.

Shangazi Tabitha, aliyekuwa akitunza wazee kule Harrow, alikuja kunitazama. Nilimsimulia yote huku akinimenyea viazi, nikitarajia pole.

"Friji hii mnatumia wangapi?" akauliza.

"Mimi na mume wangu, Shangazi."

"Ilikuwa na nafasi?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi."

Aliendelea kumenya viazi, nami nikatamani anitukane.

Wewe ulizaliwa mzima, unalia kama uliyeibiwa. Kitu cha kwanza ulichokamata duniani ni kidole hichohicho. Nilitaka kukichomoa. Ulikuwa na nguvu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na zamani nilidhani ni utani wa vikongwe. Najua misemo yangu inakuchekesha, na unanijibu kwa Kiingereza. Jibu hata kwa Kichina ukitaka. Lakini jana nilipoleta chai nimekiona kipimo chako mkononi mwa mumeo, anajitoboa yeye, nawe na tumbo lako mnacheka. Kicheko kile nakijua, mwanangu. Kilianzia sebuleni kwangu.

Basi sikia. Peleka damu yako mwenyewe, mbaya kama ilivyo. Daktari akinuna, na anune, amelipwa. Ukiandikiwa sindano, choma, mimi nachoma hadi leo na bado nina mdomo wa kukusumbua. Na shoga yako akikujia na siri kama ya Marisol, usimfanyie wema wa kipumbavu kama wangu. Muulize amekwama wapi, umfungulie friji. Yangu, rafu ya chini iko tupu tangu siku ile. Baba yako huuliza kwa nini siweki hata mchicha.

Mungu akujalie mtoto mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Na siku atakapokukamata kidole, kiwe kidole ambacho hutatamani kukichomoa. Amina.