Miguu ya Meza ya Mama Wanda

Loretta Budzynski alipika chakula cha watoto wa shule kusini mwa Milwaukee kwa miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hakuwahi kuunguza sufuria wala kuolewa. Parokia nzima ililijua hilo. Akiwa na miaka arobaini na sita alipeleka kiti cha mama yake kwa fundi wa fanicha, Orville Thiessen. Kiti kikakaa huko miezi mitatu, maana Loretta alikuwa akienda kukiulizia kila Jumanne na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukimaliza.

Orville alikuwa na kimo cha mita moja na robo, mikono ya seremala na mdomo wa kinyozi.

"Nimeshakaribishwa kwa wazazi wa watu mara nne," alimwambia Loretta alipoalikwa chakula cha Jumapili. "Mara zote walinipenda sana. Wakanisemesha polepole, wakanikatia nyama. Sikurudi hata kwa mmoja. Kwenu wakinionea huruma, Loretta, sisi tutabaki marafiki tu."

Loretta akaufikisha ujumbe nyumbani neno kwa neno: msimfanyie chochote cha pekee. Kumwambia hivyo mtu wa Wisconsin, jimbo lao, ni sawa na kumwambia asizoe theluji mlangoni kwa jirani mgonjwa. Anaitikia vizuri, kisha anachukua sepetu.

Kwa bahati mbaya, Jumamosi ile vichekesho vya televisheni vilileta kisa hichohicho: binti anamleta nyumbani mchumba mfupi, baba anateleza ulimi mara kumi na moja, watazamaji wanaangua kicheko, mwisho wote wanakumbatiana. Mama Wanda, mama yake Loretta, mwenye miaka sabini na minne, na mwanawe Gene walikiangalia kama watu wanaosomea mtihani.

"Umeona kosa lao?" Mama Wanda akauliza. "Maneno. Kesho hakuna kusema fupi, wala dogo, wala chini."

"Mimi nimeona meza, Mama. Imemfika jamaa kidevuni."

Wote wawili wakageuka kuitazama meza yao ya mwaloni, iliyokuwa zawadi ya arusi ya bibi yake Gene.

"Kata," Mama Wanda akasema.

Gene akakosa misa ya Jumapili akiikata miguu ya meza kwa msumeno. Viti hakuwahi kuvifikia, kwani mlango uligongwa.

Orville aliingia na kigoda chake cha kuwekea miguu, akakaa kitini, na hapo ukweli ukajitokeza ambao televisheni haikuutaja: ufupi wake ulikuwa miguuni. Akikaa, analingana na Gene. Meza sasa ilikuwa magotini kwa kila mtu, na kila mtu aliinamia sahani yake kama kuku anayedonoa.

"Ongeza kabichi, Bwana Thiessen," Mama Wanda akasema. "Kiasi... kiasi cha wastani."

Soseji zikazunguka. Loretta alikuwa ameuona unga wa mbao kwenye zulia. Hakuinua macho; alikuwa akingoja kusikia kiti kikisogezwa nyuma na kwaheri ya adabu.

Kiti kikasogezwa nyuma. Lakini Orville hakwenda mlangoni. Aliingia chini ya meza.

"Nani kaikata hii?" sauti ikatoka huko.

"Mimi," Gene akasema.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Pole, ungepata kisingizio. Miguu minne, urefu wa aina nne! Hata panya angetafuna kwa mstari ulionyooka zaidi."

"Nimekukatia wewe, mfupi usiye na shukrani!"

Mama Wanda akapiga ishara ya msalaba. Kichwa cha Orville kikaibuka kando ya bakuli la viazi, chekundu, na kwanza Loretta alidhani ni hasira.

"Nyumba nne," Orville akasema akijifuta machozi ya kicheko, "na hakuna aliyewahi kunitukana mezani. Haya niambie, vile vipande umevitupa?"

"Viko gereji. Nani anatupa mwaloni?"

"Angalau hilo unalijua, shemeji."

Loretta akainua macho.

"Kuiunganisha tena," akauliza taratibu, "itachukua Jumapili ngapi?"

Orville akaitazama meza, kisha akamtazama yeye.

"Ikiwa ni kazi nzuri? Nane."

"Nane!" Gene akasema. "Mimi ningemaliza kwa moja."

"Kazi yako tumeshaiona, kijana," akajibu mama yake. "Bwana Thiessen, sogeza sahani nikuongeze kidogo." Akalisikia neno limemtoka, akajaza sahani mpaka pomoni.

Walifunga ndoa majira ya kuchipua. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa, na chini ya kitambaa cha meza bado unaweza kupapasa maungio. Mguu mmoja unacheza. Orville anasema ataushughulikia Jumapili.