Gari Lilivyokufa kwa Kiha

Mimi ni mtu wa kochi. Kutoka Kasulu kwenda Kibondo, kwangu, ni safari ya kuagana na majirani. Ila siku ile mdogo wake mke wangu alikuwa anatolewa mahari, na kwao binti hatoki chumbani mpaka dada yake mkubwa amshike mkono. Dada mkubwa ndiye mke wangu. Saa saba wageni wanaingia, na alishaapa kuwa hachelewi.

Tulipofika Makere, njiani, nikazima gari tununue ndizi dirishani. Tulipomaliza nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata kukohoa halikukohoa.

Nakiri, moyo uliruka kwa furaha. Gari bovu maana yake ni kuvutwa hadi nyumbani.

Nikajaribu taa, zikawaka. Honi ikalia. Redio ikaimba kwa dharau kabisa. Nikafungua boneti, nikachungulia kama mtu anayeangalia maharage yameiva au bado.

"Unatafuta nini?" mke wangu akauliza.

"Tatizo."

"Ukiliona utalijua?"

Kabla sijajitetea simu ikaita. Mama mkwe, anauliza tumefika wapi. Mimi ni wa kuja, Kiha changu cha sokoni, lakini mbele ya mkwe nilitaka kuonekana mtu mzima. Nikatamka kwa huzuni nzito: "Yapfuye." Yaani limekufa. Mtandao ukakata hapo hapo.

"Umemwambiaje mama?" Nikalirudia neno langu. Mke wangu akashika kichwa.

"Wewe mwanamume! Kwa Kiha gari likifa ni yapfuye, na mtu akifa ni yapfuye! Si wanajua nimekufa mimi?"

Tukapiga, tukapiga tena. Hakuna mtandao. Furaha yote ikaniishia. Sasa nilitaka gari liwake kuliko nilivyowahi kutaka chochote, nikawa nalibembeleza kwa jina la Mungu.

Pembeni alikuwepo mama wa Kikongo, mchuuzi wa vitenge, anangoja usafiri. Akaingiza kichwa dirishani, akatazama mara moja tu.

"Papa, motokari haina pane. Ni weye njo uko mu pane. Ona gia!"

Yaani gari zima, mbovu ni mimi. Gia ilikuwa kwenye D ya kutembea, pale pale nilipoiacha, na gari la otomatiki haliwaki hivyo. Nikairudisha P ya kuegesha, gari likawaka kama halijawahi kusikia habari za kufa. Tukampakia na vitenge vyake. Alicheka hadi Kibondo. Mke wangu alikataa kucheka hadi Kibondo.

Tulifika saa saba na nusu. Wageni wamesimamishwa nje na suti zao, baba mkwe amegoma kupokea mahari kwenye msiba, na ndani vilio vimeshapamba moto. Mke wangu akashuka na mkungu wa ndizi. Mtu akapiga yowe, likageuka kigelegele katikati.

Mama mkwe akampapasa uso, mabega, mpaka viwiko. Kisha akanitazama mimi, ambaye kwa heshima ya ukwe hanitazamagi.

"Mkwe," akasema, "wewe kuanzia leo ongea Kiswahili."

Mke wangu hakuchelewa, maana walikuwa hawajaanza. Akaingia chumbani, na wageni walipokaribishwa akatoka amemshika mdogo wake mkono, wote wawili wanacheka mpaka wanashindwa kutembea.