Upinde Unaoingia Kwenye Begi

Kaka yangu anaishi Marekani, upande wa baridi, na huko ndiko alikojifunza kuwinda. Kwa kibali, husisitiza, maana anajua hapa kwetu kuwinda ni kujitafutia kesi. Yeye na wenzake wa kazini huingia milimani siku kadhaa, kila kitu mgongoni. Alipotaka kununua upinde, akaamua amwulize baba, ambaye katika ujana wake aliwinda kwenye miteremko ya Manga kabla ya serikali kupiga marufuku.

Mimi ndiye niliyeshika simu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumwuguza baba, na kushika vitu ndiyo ilikuwa kazi yangu: kikombe, beseni, bega lake akiinuka, simu.

Picha ziliingia Jumamosi mchana, tumetoka kanisani. Baba hakuzitazama. "Hiyo ni biashara," akasema. "Sabato haijaisha." Nikamwambia kutazama si kununua. Akanigeuzia kisogo. Jua lilipozama nikampelekea simu, naye akataka kwanza nimpigie kaka nimwulize kama kwao pia limezama. Kwao ilikuwa bado asubuhi. "Basi naye angoje," baba akasema. Tukachagua upinde Jumapili, wote watatu, na Mungu hana neno nasi.

Wa kwanza ulikuwa na magurudumu na nyaya, kama baiskeli iliyogongwa. Kaka aliupenda huo. Baba akamwuliza: ukianguka nao kwenye mawe, gurudumu likapinda, huko porini kuna fundi? Wa pili ulikuwa mrefu, wa mti mmoja, unaofanana kabisa na ule wake wa zamani. Nilidhani atauchagua. Aliutazama sana.

"Unaingia kwenye begi ya nguo?"

"Hauingii, Tata," kaka akamjibu.

Akaukataa. Wa tatu ulifunguka vipande vitatu, mshikio wa mbao na mikono miwili ya kufunga kwa skrubu. Akaniamuru nikuze picha hadi kwenye maungio, kwa sababu kamba hukatikia pabovu. Akauliza kama unyevu unauvimbisha, kama upote, ile kamba ya kuvutia, unaweza kubadilishwa kwa mikono mitupu, na kama mkono mmoja ukivunjika unauzwa peke yake. Hakuwa ameongea hivyo tangu atoke hospitalini. Nilijua ninapaswa kufurahi. Lakini tangu alipougua nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, ukiugusa hauna habari.

"Nunua huo," akasema. "Ule mrefu ungekufunga huko."

Kaka alidhani anazungumzia milima.

Kesho yake baba akanituma nyundo. Ukutani, juu ya kiti chake, palikuwa na kalenda ya kiwanda cha chai. Akataka niishushe, nipigilie misumari miwili mirefu, akinielekeza kwa fimbo: kulia, juu kidogo, wewe huoni?

"Akija atauunga hapa mbele yangu, kisha autundike," akasema. "Nataka niuvute kidogo."

Mikono ile haikuweza kuvuta blanketi. Tena alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba makaratasi ya kaka hayajakamilika, kwamba akitoka huko harudi, na watoto wake wako huko. Msumari wa kwanza ulipinda, nikaung'oa kwa hasira, nikapiga mwingine.

Baba alifariki kabla ya mahindi kukomaa. Kaka hakuja. Siku ya maziko nilishika simu tena, nikamwonyesha jeneza, kwaya, kaburi kando ya migomba, udongo ukiingia. Shangazi zangu waliniona silii, wakanong'ona. Wacha wanong'one. Ninachokumbuka mimi ni kwamba mkono ulichoka na sikuweza kuubadilisha, kwa sababu picha ingetikisika.

Kesho yake, wageni wakiwa wamepungua, kaka akaomba nimwonyeshe nyumba. Nikaizungusha simu polepole: dirisha, meza, kiti. Nyuma ya bega lake, kwenye ukuta wa kwake, niliuona upinde umeungwa, umetundikwa.

"Hebu rudi hapo kwa kiti," akasema. "Hizo misumari ni za nini?"

"Za kalenda."

"Mbili?"

"Ni kalenda kubwa."

"Basi itundike. Tata hapendi ukuta mtupu."

Niliegemeza simu kwenye kikombe, nikaitoa kalenda nyuma ya kabati, nikaitundika huku ananitazama. Ilikuwa na tundu moja tu. Ikaning'inia kwenye msumari mmoja, na ule wa pili ukabaki nje, mbali nayo, mahali ambapo kalenda yoyote isingefika. Aliuona. Niliona anauona. Akageuka kutazama ukuta wa nyuma yake, palipotundikwa upinde.